Ukuta wa Nyuma

Nyumba yetu ya Babati ina madirisha mawili ya maana. La mbele linatazama mlima Kwaraa, la nyuma linatazama ziwa. Mama mkwe wangu ana kiti chake kwenye la mbele, mume wangu anasimama kwenye la nyuma, na kila masika wawili hao hubishana maji yatatokea upande upi. Mimi ni mtu wa Pangani, nimezoea bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku bila kumdai mtu. Nilipoolewa huku nikaambiwa kuna maji yanayochukua miaka kujaa, na yakishajaa hayana haraka ya kuondoka.

Ndivyo lilivyo Ziwa Babati. Makorongo yanaliletea maji na udongo wa mashamba, lakini mto wa kuyatoa kila siku halina. Mpaka lijae kiasi cha kumwagika ndipo maji yapate njia kuelekea bonde la mto Kou. Kwa kawaida kinacholipunguza ni jua. Kiangazi kikishika linarudi nyuma, nyasi zinaota palipokuwa na maji, watu wanapanda mboga kwenye tope, na viboko wanabanana kwenye kina kilichobaki. Septemba upepo unaleta vumbi hadi ndani ya sukari. Anayetafuta kiwanja mwezi huo anaonyeshwa ardhi kavu na mandhari ya ziwa kwa mbali, na dalali anamsifia hewa safi.

Mume wangu alinunua Septemba, kabla sijamfahamu. Ajabu ni kwamba si mgeni. Mwaka 1990 ziwa lilipofurika na kuingia mjini, yeye alikuwa mtoto mdogo na aliyaona mafuriko hayo kwa macho yake. Tangu hapo ana kesi na ziwa. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba El Niño ingeleta vuli kubwa kuliko kawaida, hakusema neno mezani. Kesho yake lori la matofali lilikuwa getini.

Ukuta ulijengwa upande wa nyuma wote, kona hadi kona, msingi wa mawe na zege, nondo ndani ya nguzo. Fundi, mtu mpole wa Kondoa, aliuliza aache wapi matundu ya kutolea maji. Mume wangu akamjibu kuwa tundu la kutolea ni tundu la kuingizia. Fundi akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama mkwe, naye akasema jambo kwa Kigorowa ambalo mwanawe alijifanya hakulisikia.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ukuta ni mzuri."

"Nimesema anajenga bwawa," akasema mama mkwe kwa Kiswahili, taratibu. "Mwanangu, ziwa linabisha hodi. Mlima haubishi."

Hoja yake haikuwa ya uzee. Juu kabisa Kwaraa ina msitu wa hifadhi wa Ufiome, lakini huku chini miteremko imelimwa na kujengwa. Anakumbuka korongo lililopita mtaani kwetu likiwa pana, mbuzi wakilala humo mchana. Leo sehemu moja ina fremu za maduka, sehemu nyingine ina nyumba ya jirani aliyemwaga malori ya kifusi ili ainuke juu ya wenzake. Jirani wa pili naye akainuka. Sisi tuliobaki chini tulipokea tulichopewa.

Vuli ilikuja kama ilivyotangazwa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Katesh ni mkoa wetu huu huu wa Manyara, barabara ya kwenda Singida, na mama mkwe ana ndugu huko. Walikuwa wazima, lakini simu zao zilichukua muda mrefu kupatikana, na muda huo wote bibi huyu hakubanduka dirishani kwake. Ubishi wa madirisha ulikoma mpaka baada ya mwaka mpya.

Masika ya 2024 yakauanza upya. Usiku mmoja wa Aprili, mvua imenyesha tangu magharibi, mume wangu alikuwa nyuma na tochi anamulika ziwa lililokuwa mbali kabisa limetulia. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni: "Mkwe wangu, toa watoto chini." Hakupaza sauti. Nilipofika mlangoni maji mekundu yalikuwa yameshapita chini ya geti, yamepanda ngazi za baraza, na ndala zetu zote zilikuwa zinazunguka uani. Nikazima meni swichi kabla hayajafikia soketi.

Hapo ndipo ukuta ulipoonyesha kazi yake. Ulishika. Haukuvuja hata tone. Maji yote ya mlima yaliyotaka kupita kwetu kwenda ziwani yalifika nyuma, yakakuta zege la fundi wa Kondoa, yakarudi ndani. Yakafika magotini. Watoto juu ya meza ya chakula, kuku watano juu ya kabati, friji limelala ubavu linaelea. Chini ya kitanda cha mama mkwe kulikuwa na magunia mawili ya mbaazi. Tangu India ilipozuia kununua mbaazi kiholela mwaka 2017 na bei ikaanguka, bibi huyu hauzi mavuno yote. Huficha kidogo akingoja bei ipande.

"Vunja," akamwambia mwanawe.

Namsifu kwa jambo moja, hakubishana. Alichukua sururu akaingia kwenye maji kuupiga ukuta aliouacha ukale akiba yetu ya ada. Ulikuwa mgumu mno. Nondo zile alizowaringia majirani sasa zilikuwa zinamrudishia sururu usoni. Wakaja vijana wa mtaani, akaja na jirani wa kifusi mwenyewe na nyundo kubwa, amevaa taulo na gambuti, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyemkumbusha chanzo cha msiba. Tofali la kwanza lilipong'oka mengine yakafuata, na maji yakatoka na sufuria mbili, kiti cha plastiki na begi la shule, yote yakielekea ziwani.

Tulikuwa tunaanika makochi kwa wiki nzima. Mbaazi zilizolowa ziliota ndani ya gunia. Mama mkwe alikataa kuzitupa, tukazila asubuhi na jioni, na mimi nikapata kisingizio cha kununua nazi kwa bei ya Babati na kuwapikia mbaazi za nazi za kwetu. Watoto wakaomba ugali na maharage.

Mwezi wa Mei ziwa nalo likaja, kwa adabu, hatua chache kila siku, likapita kwenye lile tundu mpaka kwenye matuta ya mchicha likasimama. Mume wangu akatembea nyumba nzima akisema, "Si niliwaambia?" Usiku kiboko akaja kula nyasi za pembeni, tukajifungia ndani, tukamsikiliza akitafuna. Mume akataka kuziba tundu. Kikao cha familia kikakaa, kura ya mama mkwe ikatosha. Sasa tundu lina wavu wa nondo, na kiboko hawezi kupita.

Ukuta haukuwa na kosa peke yake. Kila nyumba inayojiinua kwa kifusi bila kuacha mtaro inampelekea aliye chini yake maji ambayo hayakuwa yake, na karavati moja la barabarani halitoshi kuyapitisha. Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja Babati, usije Septemba. Njoo Aprili na gambuti, muache dalali stendi, uwaulize wazee wa mtaa korongo lilipita wapi. Na ukijenga, acha njia ya maji kabla hujaweka msingi.