Kisu cha Wageni

Nyumba nyingi za Likasi zina visu viwili. Cha kwanza hakina cheo. Mpini wake umefungwa kwa mpira wa tairi, bapa limeliwa na jiwe la mlangoni, na kazi zake ni vitunguu, matembele, kopo la nyanya, na mara mojamoja skrubu ya redio. Cha pili ni cha wageni. Kililetwa na mkwe, au kilinunuliwa Lubumbashi kwa bei ambayo bado inatajwa nyumbani kila pesa inapopungua. Kimeviringishwa gazeti, kikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ukapigwa fundo, na vyote vikafungiwa kwenye kabati ambalo watoto wamekatazwa hata kuliegemea. Siku mgeni anapoketi kweli, bukari, ugali wetu, inatoa moshi na kuku mzima yuko mezani, fundo linafunguliwa mbele ya macho ya watu, na kinachotoka ni kisu chekundu toka ncha hadi mpini, habari za mwaka juzi zimeganda ubavuni. Mwenye nyumba anaapa kwamba ni kipya, na hasemi uongo, maana hakijawahi kukata kitu. Kinaitwa kile cha jikoni, nacho kinakuja na harufu yake ya kitunguu na kumaliza kazi. Tukio hili hutokea mara nyingi mno kuitwa bahati mbaya. Nadai kwamba kazi haiui kisu. Kinachokiua ni mapumziko, na yanayoua haraka zaidi ni yale ya heshima.

Ushahidi uko ndani ya chuma chenyewe. Ili kipate kutu kinahitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haina pa kuanzia. Kisu cha jikoni hulowa mchana kutwa, lakini maji hayapewi nafasi ya kukaa: kinapanguswa kwenye kitenge, kinakata tena, na kila kinaponolewa kutu iliyojaribu kuchipua inaondoka na vumbi la jiwe. Kisu cha wageni huandaliwa kila kitu. Kimeoshwa na kukung'utwa mara mbili badala ya kukaushwa. Gazeti linanyonya yale matone na kuyabana kwenye bapa. Plastiki inazuia unyevu usitoke. Na hewa iliyobaki ndani ya mfuko inatosha kabisa. Hata pasipo matone, unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, utando wa maji usioonekana kwa macho hushika juu ya chuma. Kutu ikishaanza, nayo huvuta maji, huvimba kuliko chuma kilichokuwapo, hubanduka na kufungua ngozi mpya ya kula. Ala ya ngozi ambayo panga la babu hulazwa ndani yake haina nafuu, kwa sababu ngozi hushika unyevu, na mara nyingi pia masalia ya chumvi na dawa zilizotumika kuilainisha.

Aibu hii ingesameheka mahali pengine. Lakini Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi 1966, umekula na kuvaa kutokana na elimu ya metali. Malakiti, lile jiwe la kijani lililowaleta watu Katanga, ni shaba iliyoshikana na oksijeni, kaboni na maji. Ni ndugu wa damu wa ule ukijani unaoota juu ya sufuria ya shaba iliyozeeka. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na baada yake Gécamines, zilijenga viwanda vizima ili kuyatoa kwenye mawe hayo yale yaliyoshikana na shaba. Katika kiwanda cha Shituru madini huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha umeme huikamata shaba safi. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kazini akiitenganisha shaba na oksijeni kwa tani, halafu akarudi nyumbani na kushindwa kuitenganisha oksijeni na kisu kimoja. Tatizo ni kwamba shaba imetuzoesha vibaya. Ukijani wake hushikamana na kuilinda shaba iliyo chini. Kutu ya chuma haina adabu hiyo. Zaidi ya hapo, chuma kikilazwa majini kikigusana na shaba, kinacholiwa ni chuma. Na ukikichovya kwenye maji ya salfati ya shaba, kisu kitatoka kimevaa koti jekundu la shaba, mwenyewe akishangilia, kumbe kimelipia koti hilo kwa mwili wake.

Kuna watakaosema kwamba lawama ni ya mvua, ambayo kwetu hunyesha kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Wangekuwa sahihi kama kutu ingechukua likizo mwezi wa sita. Haichukui. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hushusha hata mabishano ya walevi. Chuma huamka baridi, birika linachemka, mvuke unazagaa, na bapa linatoka jasho kama chupa ya bia ya Simba iliyotolewa kwenye friji. Kabati lililo karibu na jiko linapata jasho hilo kila asubuhi bila tone la mvua. Kisha, mvua ile ile humnyeshea mchinjaji wa mtaa wa Kikula. Kisu chake ni chuma cha kawaida, kinashinda kwenye damu na chumvi, wala hakina kabati. Bado kinang'aa, kwa sababu kinapanguswa na kunolewa kabla mteja hajamaliza kulalamikia mifupa. Anayeilaumu hewa aeleze kwanza kwa nini hewa humheshimu mchinjaji.

Wengine watasema: nunua inoksi, chuma kisichoshika kutu, ugomvi uishe. Ni hoja nzito. Tangu Harry Brearley wa Sheffield alipoyeyusha chuma chake chenye kromiamu mwaka 1913, visu vingi vimeepuka aibu. Kromiamu ikifika takriban asilimia 10.5, bapa hujifunika utando mwembamba unaojiponya kila unapokwaruzwa, mradi oksijeni ifike. Hapo kwenye mradi ndipo penye mambo. Kisu kinahitaji pia kaboni ili kishike makali, na kaboni hiyo huweza kuupokonya utando sehemu ya kromiamu yake. Ndiyo maana kijiko cha inoksi kinazeeka kwa amani huku kisu cha seti ile ile kikiota madoa. Kata nacho makayabu, samaki wale wa chumvi, uache chumvi kwenye kiungo cha mpini, kisha ukifunge kikiwa na unyevu: chumvi inautoboa utando, plastiki inaunyima hewa ya kujiponya, na vishimo vinaingia ndani kimyakimya. Inoksi humsamehe mtu mvivu, ila mtu mwenye heshima iliyozidi haimsaidii.

Wapo pia wa chama cha mafuta, ambao nusu ya maneno yao ni kweli. Mafuta huzuia maji yasifike kwenye chuma. Yakipakwa juu ya maji, huyazuia yasiondoke. Kukausha kunatangulia, tena kukausha hadi kwenye kiungo cha mpini. Mawese, pamoja na mapenzi yetu yote, huganda kwenye baridi ya Juni na kuchacha kwa kukaa, na hakuna mgeni anayetaka kuku mwenye historia. Kisu cha chakula chapaswa kupakwa mafuta mepesi ya kupikia, kiasi cha kufuta kwa kitambaa mara moja, kisha kitumike kabla hayajachacha. Panga litakalolala miezi linafaa kupakwa vaselini au nta ya mshumaa, lioshwe kabla ya kurudi kwenye chakula. Majivu ya wazee husugua kutu vizuri, lakini majivu ya kuni huvuta unyevu, kwa hiyo yasiachwe juu ya bapa kama poda. Ndimu nayo huyeyusha kutu, na ikisahaulika hapo huendelea na chuma chenyewe bila kuuliza.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye nguvu: kazi nayo huharibu. Nyanya ni chachu, ndimu ni chachu, na chuma cha kawaida kikishazikata hubadilika rangi. Kweli hubadilika, lakini ule ukijivu mweusi wa kisu kinachofanya kazi na kukaushwa ni utando uliotulia, unaopunguza kasi ya kutu nyekundu ingawa hauizuii kabisa. Bahati yake mbaya ni kufanana na uchafu. Basi kila Krismasi inapokaribia shemeji mwenye bidii huushambulia kwa mchanga na nyuzi za chuma hadi bapa ling'ae, anasifiwa, kisha kisu kilichovuliwa nguo kinapelekwa kabatini kwenye gazeti. Hapo ndipo dhana yetu ya usafi inaposhirikiana na dhana yetu ya heshima kumaliza kilichobaki.

Kwa hiyo dawa haigharimu kitu, ila inaumiza kidogo: kukipunguzia kisu hicho cheo. Kioshwe, kikaushwe hapo hapo na aliyekitumia wala si na atakayekumbuka, kitundikwe ukutani mahali penye hewa, mbali na mvuke na mikono ya watoto, na kikate vitunguu Jumatatu kama ndugu yake. Wanaoogopa kwamba kitachakaa kabla ya wageni wafikirie meza inavyoonekana toka upande wa pili. Mgeni hahesabu kuku waliokatwa na kisu hicho kabla hajafika. Anahesabu mara ambazo kinampitia kuku wake bila kumkata.