Sifa za Utumbo

Katika viungo vyote vya mwili hapana kilichodhulumiwa na ndimi za watu kama utumbo. Moyo umetungiwa mashairi, ini limefanywa makao ya mahaba, na hata nyongo, pamoja na ukali wake wote, imepewa cheo katika habari za hasira. Bali mtu akisikia kauli isiyo na kichwa wala miguu, husema kwa dharau kwamba ameambiwa utumbo. Nakiri kwamba utumbo hauna kichwa wala miguu. Walakini huenda bila ya miguu na hutambua bila ya kichwa, na chenye kuweza hayo, badala ya kutukanwa barazani, kilistahili kupigiwa zumari.

Ushahidi waliuleta mabwana wawili wa Kiingereza, William Bayliss na Ernest Starling, waliokuwa mashemeji kwa ndoa na masahibu katika maabara ya London. Mwaka 1899 waliikata mishipa yote ya fahamu iliyouunganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo, wakautia kitu ndani, wakangoja waone kama utatangatanga mfano wa chombo kilichofiwa na nahodha. Haukutangatanga. Nyuma ya tonge ulijikaza, mbele yake ukajilegeza, na tonge likasukumwa kwenda upande wake wa desturi, kana kwamba ubongo haukupata kuumbwa. Maana ndani ya kuta za utumbo zimefumwa nyavu mbili za mishipa ya fahamu, zenye chembe kwa mamilioni, na hizo ndizo baraza lake, zisikiazo, zishaurianazo na kukata hukumu pasipo kuomba idhini ya kichwa. Kichwa huletewa habari tu: katika ule mshipa mkubwa ushukao kutoka ubongoni hadi tumboni, habari zipandazo ni nyingi kuliko amri zishukazo.

Mwaka 1902 mashemeji wale wakaona ajabu ya pili. Walitia asidi katika kipande cha utumbo kilichokatiwa mishipa yote ya fahamu, na kongosho, lisilokuwa na njia ya kupata habari, likamimina maji yake. Utumbo ulikuwa umemtuma tarishi kwa njia ya damu! Mwaka 1905 Starling akawapa matarishi wa namna hiyo jina la homoni, jina ambalo matabibu wa leo hulitamka kwa taadhima kubwa, na sijamsikia hata mmoja akimshukuru mbwa.

Basi mwanadamu, ajionaye sultani wa mwili wake, milki yake ni milangoni tu. Ana ruhusa ya kutafuna na kumeza. Tonge likipita koromeo, amekwisha uzuliwa. Mwisho wa tumbo amewekwa mlinzi ambaye Wayunani walimwita bawabu, na matabibu wa Kiarabu wakamwita vivyo hivyo, afunguaye na kufunga kwa kadiri aonavyo, asiyepokea hoja wala rushwa. Baada yake kuna takriban mita 6 za utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana, na njia nzima hiyo hakuna amri ya mwenye nyumba isikilizwayo. Mlango wa mwisho una makomeo mawili, na la ndani nalo si lake. Ameachiwa la nje, na nadhani hata hilo ameachiwa kwa kuhurumiwa jirani zake.

Ng'ombe amezidi. Tumbo lake lina vyumba vinne, na cha kwanza, chenye malaika mafupi mithili ya taulo, chaweza kuchukua zaidi ya lita 100. Humo amewapangisha viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao humvunjia nyasi ambazo yeye mwenyewe hana dawa ya kuzivunja. Hulala kivulini akacheua, akikirudisha kinywani alichokwisha kimeza ili akitafune upya, desturi ambayo laiti wasemaji wetu wa mikutano wangeifuata katika maneno yao. Kisha chakula hupita katika chumba kilichofanana na sega la nyuki, na kingine chenye kurasa kama kitabu, hadi cha nne, penye asidi, ambako wapangaji wale wale, baada ya utumishi wao wote, humeng'enywa wakawa chakula cha mwenye nyumba. Sijaona mwenye nyumba dhalimu kuliko huyu, na maziwa yake nayanywa kila asubuhi.

Kuku, aliyenyimwa meno, humeza changarawe akaziweka katika firigisi, zimsagie mtama. Na kinu hicho cha mawe na taka ndicho kinachowekwa, katika nyumba nyingi za kwetu, mbele ya baba au mgeni mtukufu, na mtoto akikidokoa jikoni hatalala salama.

Hata kelele za tumbo nazisifu. Likiwa tupu, kila baada ya saa moja u nusu hivi hupita wimbi la kufagia makombo, kutoka tumboni hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Kwa hiyo ile ngurumo aghalabu si ulafi, ni ufagio. Mimi ulinipitia katika majlisi ya nikahi, shehe akiwa katikati ya hotuba na watu wametulia kama maji ya mtungini. Ulinguruma kwa kituo, ukamaliza. Shehe alinyamaza, akanitazama juu ya miwani yake, akaendelea kwa haraka asiyokuwa nayo mwanzo; na sinia zilipoletwa, mapema kuliko ilivyotazamiwa, mzee mmoja aliyeketi kando yangu aliitwaa firigisi iliyokuwa upande wake, akaisogeza upande wangu, asiseme neno.