Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mchoro

Kijijini, Kata ya Kibuta,
Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani.

Kwa Mheshimiwa Mchoro wa Mipango,
Ndani ya bomba jeusi la plastiki,
Juu ya kabati, katika ofisi ambayo si lazima niitaje.

YAH: KUOMBA KUONEKANA KWENYE RAMANI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza niwie radhi kwa kukuandikia bila kupitia kwa mtendaji. Njia za heshima nimezimaliza zote. Nilimwuliza mwenyekiti wa kijiji kwa nini shamba letu limeota jiwe la mpaka, akasema si yeye, ni mtendaji. Mtendaji akasema si yeye, ni watu wa ardhi. Mtu wa ardhi, kijana mpole sana, akaniangalia kama daktari mwenye majibu mabaya mkononi, akasema: "Mzee wangu, mimi sina neno, ila Mchoro umeshapita." Ndipo nilipotambua kwamba wilaya nzima ina mwenye uamuzi mmoja tu, naye ni wewe. Hao wengine wote ni wapita njia kama mimi.

Nimesita kidogo kwenye salamu. Huku Pwani mdogo ndiye anayeamkia, na mkorosho wa bibi yangu, ule uliouzungushia duara na kuuandika "eneo la wazi", ulipandwa mwaka 1974. Wewe tarehe yako ni ya juzi, iko pembeni chini ya mshale wa kaskazini. Kwa haki, wewe ndiye wa kutoa shikamoo na mkorosho uitikie marahaba. Lakini mwenye shida ni mimi, basi naanza mimi: shikamoo, Mchoro.

Tumeonana mara moja tu, huenda hunikumbuki. Walikuleta kwa Land Cruiser wakakutandaza juu ya boneti. Upepo ukapiga, ukawa unajikunja kutaka kurudi kwenye bomba lako, tukaokota mawe manne tukakukandamiza pembe zote. Tukakuzunguka. Kina mama walitafuta zahanati, vijana uwanja wa mpira. Mimi nilitafuta nyumbani. Nikaiona Dar es Salaam, nikaiona reli, nikaiona Kisarawe mjini, nikashika barabara kwa kidole taratibu kuja huku kwetu, mpaka kidole kikagonga jiwe. Kijiji chetu kilikuwa chini ya jiwe. Nikaliinua. Bwana mmoja akanikataza: "Usiinue, Mzee, itapeperuka." Nikalirudisha. Kwa muda ule mfupi niliwahi kuona rangi ya kijani nyepesi, na kwenye ufunguo wako kijani nyepesi maana yake ni "ardhi isiyoendelezwa". Humo ndani mna mihogo ya dada yangu, minanasi ya jirani, kisima kimoja na makaburi kumi na moja.

Kabla hujakunjwa ilipitishwa karatasi. Tukaambiwa ni ya mahudhurio, na kila aliyetia sahihi akapewa soda. Mimi nilichukua ya tangawizi. Miezi ikapita, nikaonyeshwa karatasi ileile imevaa kichwa kipya: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa kuridhia. Siwezi kukana, sahihi ni yangu, hata ule mkia wa herufi ya mwisho naujua. Ila mimi niliridhia soda.

Wajuzi wananiambia nisikulaumu, kwa kuwa sheria imenipa nguvu mimi mwenyewe. Ni kweli, nimeisoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji, na haimgawii mtu hata kipande bila mkutano mkuu kukubali. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, ikaongeza utamu: ikaihesabu halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya mipango. Kumbe mimi na wewe ni wafanyakazi wenza! Wewe una bomba la plastiki, sisi tuna mwembe.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha hekta 250. Rais, ambaye ndiye mdhamini wa ardhi yote kwa niaba yetu, akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, basi ikiwa haizidi hekta 250 mkutano wetu mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, sisi tunatoa maoni na Waziri anaamua. Hesabu nzuri sana hii. Ukitaka kuku mmoja, unaniomba. Ukitaka banda zima, unapokea maoni yangu.

Wala Kisarawe hatuhitaji kusimuliwa banda zima linavyoondoka. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11 vya wilaya hii, kwa pango la miaka 99, ilime mbono kaburi wa kukamua mafuta ya magari. Sisi mbono huo tunaujua, tunauotesha makaburini, na nadhani jina lake peke yake lilitosha kututahadharisha. Visima viliahidiwa, zahanati ziliahidiwa, vijana wakapata ajira kwa mamia. Kufika 2011 kampuni ilikuwa imeishiwa, mradi ukauzwa kwa mwekezaji mwingine, vijana wakarudi majumbani. Mwekezaji huondoka na zao hufa, lakini ardhi ikishavuka kwenda kwenye ardhi ya jumla haijirudii yenyewe kijijini jioni kama ng'ombe.

Sisemi kwamba hutufikirii tunapohama. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zimenipa posho ya kusafirisha mizigo yangu, tani 12, ndani ya kilomita 20. Tani kumi na mbili, Mheshimiwa! Niliingia ndani nikapanga: vitanda viwili, kinu na mchi wake, baiskeli isiyo na mnyororo, kuku saba, kabati ambalo mlango wake unashikwa na kamba. Tukajumlisha na mama mkwe. Hatukufika tani moja. Hizo kumi na moja zilizobaki naomba nizitumie kubebea udongo wenyewe.

Hayo yote nayameza. Lisilopita kooni ni neno moja, "holela". Yule bwana wa Land Cruiser alilisema mara nne: tumekaa kiholela, tumejenga kiholela.

Bibi yangu hakuja hapa kwa miguu yake. Alikuwa na shamba bondeni, nyumba yake huku, ya kaka yake kule, moshi tu ndio unaoonana, kama Wazaramo walivyozoea. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Sisi lori lilitufikia 1974. Nilikuwa mtoto, nimekalishwa juu ya gunia la mpunga, naye bibi amekipakata kinu, kinu hikihiki nilichokitaja kwenye tani zako, akikataa kukiweka chini kana kwamba kina usingizi. Tukashushwa hapa. Palikuwa na vigingi na kamba ndefu ya katani, na afisa mwenye kofia akasema nyumba zote zifuate kamba, milango yote itazame barabara. Bibi akauliza jua la asubuhi litaingilia wapi. Hakujibiwa. Wiki ileile akachomeka korosho tatu nyuma ya nyumba, ukaota mmoja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sisi hatukuota hapa kama uyoga. Tulichorwa. Aliyetuchora ni babu yako, na mstari wake tumeukalia miaka yote hii hatujausogeza hata hatua. Leo unakuja wewe mjukuu, unatukuta juu ya mstari wa babu yako, halafu unauliza nani kawaweka hawa hapa.

Na barabara nayo ina kisa chake. Tuliambiwa tuisogelee, tukaisogelea. Kisha Sheria ya Barabara ya 2007 ikaipanua hifadhi yake, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande ukihesabu kutoka katikati. Huku nchini watu wamekwisha kuzielewa rangi zenu: X ya kijani ni kwamba barabara imekufuata wewe, utalipwa, X nyekundu ni kwamba wewe umeifuata barabara, bomoa. Sasa nauliza, maana rangi yangu siioni kwenye ndoo zenu: aliyepelekwa barabarani kwa lori la serikali anapakwa X gani?

Usije ukadhani natamani upotee. Sisi wenyewe si malaika, na hapa naomba barua isisomwe kwa sauti mbele ya mjomba. Mjomba aliuza shamba moja kwa watu wawili, mmoja wa Gongo la Mboto na mwingine wa Chanika, kila mmoja kwa karatasi ya daftari yenye muhuri, na kila karatasi ikaacha mezani kwa viongozi asilimia kumi ya bei. Walipokutana shambani kila mtu na mafundi wake, mjomba alikuwa amekwenda mazikoni, na mazishi hayo hayajaisha hadi leo. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na inamwagika kuja kwetu kila wikiendi kwa bodaboda ikiuliza bei. Nimefika huko ilikokwisha kumwagika bila wewe. Nilikwenda kuzika. Vichochoro ni vyembamba hivi kwamba jeneza tulilipitisha limesimama wima, marehemu akaondoka mtaani kwake kama mtu anayetembea. Nilirudi Kibuta nikakuombea maisha marefu.

Shida yangu si kwamba upo. Shida ni kwamba umechorwa ukiwa umekaa. Njia ya kisimani umeikata katikati kwa sababu hukuipita na ndoo kichwani. Makaburi hukuyaona kwa sababu hayana bati. Umeweka shule ya baadaye bondeni, mahali ambapo masika huwa tunavua kambale, jambo ambalo mtoto yeyote wa darasa la pili angekwambia bila kudai posho.

Njoo tena, Mheshimiwa, lakini shuka kwenye boneti. Njoo siku mbili, jamvi lipo. Siku ya kwanza dada yangu akutembeze. Yeye anajua mpaka wa kila shamba hapa kwa miti na kwa ugomvi. Ya pili mkutano mkuu ukae kweli, na karatasi ya mahudhurio iandikwe juu "mahudhurio" kabla ya sahihi, siyo baada. Soda tutajinunulia. Na mawe ya kukukandamiza nimekwisha kuyatafuta, madogo madogo, yasiyofunika mtu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Ardhi Isiyoendelezwa
(kijani nyepesi, pembe ya chini kushoto)

Nyongeza: Jiwe lako la mpaka shambani kwetu lipo salama, hakuna aliyeling'oa. Tumemfunga mbuzi hapo kwa sababu ndicho kitu pekee eneo hili kilichochimbiwa kwa saruji. Ukija kulikagua mfungue polepole, ana mimba.