Hakuna Nyumba Inayovuja Agosti

Mwezi wa nane Tabora haina nyumba mbovu. Mvua iliaga tangu Mei na hairudi mpaka Novemba, kwa hiyo katikati hapo dalali yeyote anaweza kusimama sebuleni, akainua kidole kuelekea dari na kuapa kwamba nyumba hii haivuji hata tone. Anasema kweli tupu. Msimu huo hata chekeche halivuji.

Na ndio msimu ambao watu wanatafuta nyumba. Serikali inafungua mwaka wa fedha Julai mosi, barua za uhamisho zinaanza kutembea, na walimu, manesi na makarani wanashuka stendi na stesheni wakiwa na magodoro yaliyokunjwa kwa kamba. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge nao wameshauza au wanasubiri malipo, na mkulima akishika hela ya tumbaku anachowaza kwanza ni bati. Oktoba ikikaribia wanaanza kuja wanafunzi wa vyuo. Hao hupanga wanne kwenye chumba cha mtu mmoja, kisha wakamwambia mwenye nyumba kwamba watatu ni wageni tu. Mimi ni mwenye nyumba, wageni hao nawafahamu. Wapo waliohitimu shahada wakiwa bado wageni.

Nyumba yenyewe ni ya urithi, huku Isevya. Mbele naishi mimi, uani napangisha, na katikati ya uani umesimama mwembe ambao hakuna mtu katika ukoo wetu anayekumbuka ulipandwa lini. Bati la nyumba liliezekwa na marehemu baba kwa pesa ya tumbaku, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa amepanda juu kulitazama, maana kila kiangazi lilikuwa linaonekana zima.

Utaratibu wa kupangisha unajulikana. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali anataka ya mwezi mmoja iwe yake, na hela ya usumbufu kabla hata hujaiona nyumba, kwa sababu usumbufu unaanza pale unapompigia simu. Akikuambia ni dakika tano kutoka lami, ujue anapima kwa bodaboda ya shemeji yake, usiku, barabara ikiwa tupu.

Mji huu haukuanza hivyo. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, mvua zikiwa mlangoni, walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani, wakapewa mahali pa kukaa bila kuulizwa kodi wala mdhamini. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley naye alipata tembe zima kule Kwihara, nje kidogo ya mji. Februari mwaka uliofuata akarudi hapo pamoja na David Livingstone aliyemkuta Ujiji. Stanley akaondoka Machi. Mwenzake akabaki kusubiri wapagazi kutoka pwani, mpaka tarehe 25 Agosti 1872 alipofunga safari. Hesabu mwenyewe: Februari mpaka Agosti ni miezi sita. Kwa kalenda ya wenye nyumba wa leo, kodi yake ilikuwa imekwisha kabisa, na angekuwa ameshaanza kuambiwa kwamba kuna kijana wa mwenye nyumba anarudi kutoka Dar es Salaam na anakihitaji chumba.

Tembe lile lipo, limejengwa upya na kuwa makumbusho, na nashauri kila anayejenga Tabora akalitembelee Oktoba saa nane mchana. Ukuta wa udongo ni mnene, paa ni la udongo juu ya miti, na ndani unaweza kukaa ukazungumza kama binadamu. Kisha urudi mjini uingie chini ya bati lisilo na dari. Babu zetu hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kwamba udongo hupokea jua polepole, na hapo joto linapofika ndani usiku umeshaingia. Sisi tulitaka kitu kinachong'aa. Sasa kuanzia Septemba mpaka mvua ya kwanza tunakaa nje chini ya miembe tukiitazama nyumba yetu inavyong'aa.

Kiangazi kimoja alikuja mwalimu wa hisabati aliyehamishwa kutoka Shinyanga. Mtu mpole, amefuatana na mkewe na dalali. Tukasalimiana kwa heshima, mwangaluka kwa mwangaluka, wakatazama chumba, wakatazama jiko, mama akafungua bomba, maji yakatoka. Hilo lilimfurahisha, na lingemfurahisha zaidi kama angeishi hapa enzi tulipotegemea bwawa la Igombe peke yake, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia. Dalali alipoona nyuso zimekunjuka akataka kumaliza kazi. Akachukua mpini wa ufagio uliokuwa kwenye kona. "Mwalimu, hii dari si ya mchezo," akasema. "Sikiliza." Akagonga.

Dari ikajibu.

Mkoa wetu unajulikana kwa asali. Miombo imetuzunguka pande zote, na watu wamekuwa wakitundika mizinga ya magome tangu kabla ya misafara ya biashara. Lakini kiangazi kikikaza, nyuki nao hufuata maji ya mabomba yetu, na wakiona upenyo chini ya bati hawahitaji dalali. Kundi lile lilikuwa limepanga bure kwa muda ambao siujui, na halikupenda kubishiwa hodi kwa ufagio. Mama mwalimu ndiye aliyetangulia kutoka, kiatu kimoja mguuni. Mwalimu akafuata akiwa amejifunika uso na mkataba. Dalali aliingia chooni akajifungia, nyuki wakaingia kwa dirisha, akatoka, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa anaelekea Tambuka Reli. Kwa mwendo ule nadhani aliitambuka kweli.

Jioni mwalimu alirudi peke yake, jicho la kushoto limefumba. Nilidhani amekuja kutoa lawama. Kumbe amekuja na hoja. "Mzee," akasema, "kwa jinsi ninavyoelewa, nyumba ina wapangaji tayari. Kwa hiyo kodi tugawane." Tukavutana mpaka isha. Mwishowe alikubali kodi ile ile, kwa sharti kwamba asali ni yake nusu. Katika maisha yangu ya kupangisha huo ndio mkataba pekee uliotaja nyuki.

Mlina asali tuliyemwita alitoka Sikonge, akaja na kienge cha moshi baada ya giza, akafanya kazi kwa upole mkubwa huku akizungumza nao. Akabomoa vipande vya dari, akajaza ndoo, akachukua fungu lake, akaenda. Alichoacha ni masega machache aliyoona hayamstahili. Kesho yake mchana jua lilipolikamata bati, yale masega yakayeyuka. Ndipo nyumba yangu ikawa nyumba ya kwanza Tabora kuvuja mwezi wa nane. Ilivuja asali, tone kwa tone, kwenye kitanda cha mwalimu wa hisabati. Sisimizi walipata habari kabla yangu.

Fundi aliyekuja kurudishia dari ndiye aliyenifundisha ambayo nilipaswa kuyajua kitambo. Alipanda juu alfajiri, maana bati likishapata moto halikanyagiki, akanionyesha upenyo pale paa linapokutana na ukuta: mkono unapita. Nyuki, popo, panya, wote walikuwa na lango kuu. Halafu akanionyesha misumari. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na tofauti ya mchana na usiku wa kiangazi chetu ni kubwa. Msumari hupandishwa kidogo kidogo na mpira wa chini ya kofia yake hupasuka kwa jua. Tundu linapatikana Julai, na habari zake unazipata Novemba, saa tisa usiku, usoni.

"Tujaribu kwa maji," akasema. Tukavuta mpira wa bustani, kijana wake akamwaga maji juu ya bati, mimi ndani na chaki natia alama sakafuni. Jambo la maana kabisa, na nawashauri wote. Tatizo ni majirani. Bati likilia kwa maji katikati ya Septemba, mbingu nyeupe haina wingu, Mnyamwezi yeyote mwenye akili timamu hutoka nje. Shangazi yangu wa nyumba ya pili alitoka na ndoo mbili kukinga. Alipoona upande wake ni mkavu, akaziweka chini akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Mvua ya nyumba moja hii mmemlipa nani?" Mpaka leo kuna watu wanaonipita wakinitazama kwa adabu isiyo ya kawaida.

Mwembe nao una kesi yake. Inasemekana misafara ndiyo iliyotawanya maembe njia nzima mpaka Ujiji, na sina ubishi. Dalali huuza kivuli chake kama chumba cha ziada. Hasemi kwamba majani yake huziba mifereji ya paa, hivyo mvua ya kwanza hurudi ndani kupitia ukutani. Wala hasemi kwamba embe likiiva huanguka juu ya bati usiku. Mpangaji mmoja aliyetoka Kigoma alilala na panga wiki nzima akisubiri wezi. Alipoelewa ni maembe alikasirika zaidi, maana wezi angalau wangekoma. Usikate mti, kata matawi yaliyoinamia paa, na ukate kabla maua hayajashika, kwa sababu watoto wa mtaa wakishayaona maembe, hilo tawi linakuwa mali ya umma.

Kodi ya jengo sitaki hata kuigusa, lakini itanigusa. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Anayedaiwa ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Hapo katikati pana kikao kila mwezi, na mwalimu wa hisabati huja na karatasi. Kateni kwenye kodi ya pango yaishe.

Mchwa sitawapa nafasi kubwa, wameshajichukulia ya kutosha. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani wakati wa ukavu, usiikwangue ukaridhika. Ifuate mpaka chini, tia dawa kwenye msingi. Na mbao za kenchi ukiweza ziwe mninga au mkurungu, miti ya hapa hapa ambayo mchwa huionja akahama. Mbao laini isiyotiwa dawa ni chakula cha wageni.

Kwa anayetaka kununua au kupanga, ushauri wangu utawaudhi madalali: njoo Januari. Utaambiwa hakuna nyumba. Zipo, wenyewe wameweka masufuria sebuleni na hawataki uyaone. Ukilazimika kuja Agosti, usitazame rangi mpya. Tazama kingo za dari kama zina madoa ya kahawia, inua kapeti la kona, uliza kwa nini kabati limesimama pale liliposimama, na umwombe dalali asiguse ufagio.

Na ninyi wenye nyumba wenzangu, fundi wa paa hupatikana Agosti na Septemba. Oktoba mwishoni kila mtu anamtafuta huyo huyo, bei imepanda na simu yake imezimwa. Mpigieni leo.