Namna ya Kunywa Barolo Bila Kuaibika

Kwanza, usiikunjie uso rangi yake. Barolo ni mvinyo mwekundu uliopauka. Shika glasi, utaviona vidole vyako upande wa pili, na ukizeeka ukingo wake huwa kama tofali. Mgeni hudhani umetiwa maji. Mwache adhani hivyo mpaka apige funda la kwanza, ukakasi umkamate ufizi kama ndizi mbichi. Hapo atakaa kimya, nawe utapata nafasi ya kumweleza.

Mweleze kwamba unatoka vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Zabibu ni ya aina moja tu, Nebbiolo, ambayo haiivi upesi. Kwa kawaida huvunwa Oktoba, ukungu ukitanda mabondeni. Sheria inautaka mvinyo ukae miezi 38 kuanzia Novemba mosi ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa. Ukiandikwa Riserva, ni miezi 62. Na ukishatimiza yote hayo, unaombwa uungoje tena, pengine miaka kumi. Huwezi? Nunua Dolcetto au Barbera. Ndiyo mivinyo ya kila siku mezani kwa watu wa huko, na ni mitamu kweli.

Pili, uwe na upande. Langhe wamegombana vikali kuhusu mapipa. Miaka ya 1980 vijana walileta barrique, mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225, ili mvinyo ulainike mapema. Mmoja wao, Elio Altare, alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya baba yake. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello wa kijiji cha Barolo chenyewe, mzee aliyechora lebo zake kwa mkono, mojawapo ikimkataa mwanasiasa Berlusconi na barrique kwa pamoja. Alifariki mwaka 2005, na binti yake Maria Teresa akauendeleza mvinyo kwa njia ileile: mapipa makubwa, na zabibu za mashamba ya Cannubi, San Lorenzo, Ruè na Rocche dell'Annunziata zikichanganywa kuwa Barolo mmoja.

Mimi niko na mzee. Jina la Cannubi peke yake lingeuza chupa kwa bei ya kutisha, na majirani wengi hutenga kila shamba na chupa yake. Lakini desturi ya kuchanganya ina akili: shamba moja likikosa nguvu mwaka huu, jingine hulibeba. Halafu barrique mpya hutia vanila, na vanila huizima ile harufu ya waridi na lami ambayo ndiyo sababu ya kununua Nebbiolo.

Mengine ni mepesi. Glasi pana, nyuzi 16 hadi 18, barafu marufuku. Mezani iwepo nyama: brasato, ng'ombe aliyepikwa taratibu ndani ya mvinyo wenyewe, kwa kuwa mafuta na nyama huutuliza ukakasi. Chupa changa ifungue saa kadhaa kabla ya wageni. Ikibaki, ifunge uionje kesho jioni. Mara nyingi siku ya pili ndipo harufu zake hufunguka.