Baraza la Mshauri: Mkokoteni, Kiatu na Kijana

Kila mwezi wa Juni unapokaribia, sanduku la safu hii hujaa barua za wazazi wanaosema Kiswahili walioko Utah na majimbo jirani, ambao watoto wao, maadamu ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wameandikishwa kwenda nyikani siku tatu au nne, wamevaa mavazi ya karne ya kumi na tisa na kukokota mikokoteni, kwa ukumbusho wa watangulizi takriban 3,000 waliovuka nchi kwa namna hiyo baina ya 1856 na 1860. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yaelekea kuwafaa wengi. Zile zilizouliza kama yawezekana kumkodishia kijana mpagazi nimezitupa.

*Bwana Mshauri, baada ya salamu. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 15, hajapata kwenda kwa miguu zaidi ya kutoka garini hadi mlangoni mwa duka, na mwezi ujao atakokota mkokoteni huko Wyoming. Nimekwisha kumnunulia godoro la upepo, feni ya betri, biskuti za kutosha kikosi, na viatu vya bei kubwa nilivyovificha ili avivae siku ya safari vikiwa vipya. Je, nimesahau nini? — Mama Hofu, Salt Lake City*

Mama Hofu, umemsahau atakayevikokota hivyo vyote. Watangulizi wa 1856 waliruhusiwa, kila mtu mzima, ratili 17 za vitu vyake mwenyewe, nguo na matandiko na vyombo vya kulia vikiwamo, nazo kwa kipimo cha babu zetu ni kama nusu ya frasila. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji siku zile zile, akiwa na frasila mbili begani, angalicheka kusikia hayo, ila asingalicheka sana, kwa sababu juu ya mkokoteni ule palikuwa pia na unga, na hema, na aghalabu mtoto asiyeweza tena kutembea. Tena chombo chenyewe kilikuwa dhaifu. Fedha za kuwaleta maskini kutoka Uingereza na Skandinavia zilikuwa zimepungua, na ng'ombe wa kukokota magari walikuwa ghali, basi mikokoteni mingi ikaundwa kwa haraka na kwa mbao mbichi, ambazo zilipofika katika hewa kavu ya bara zilinywea na kulegea, magurudumu yakalia njia nzima, hata wasafiri wakayapaka sabuni na mafuta ya nyama ya nguruwe waliyonuia kuila. Feni ya betri, kwa hiyo, na ibaki.

Sasa viatu. Vitoe mafichoni leo hii, kabla hujamaliza kusoma jibu langu, umvishe, na asivivue hata viwe vimejua kila kidole chake, maana malengelenge hayajali bei ya kiatu. Atembee navyo jioni moja baada ya nyingine, kwanza mitaani, halafu vilimani, akiwa na soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje ya sufu. Ile ya pamba hushika jasho, na jasho ndilo linalochubua. Mahali pa kisigino panapoanza kupata moto, afunike kwa plasta papo hapo, asingoje pavimbe. Huko Martin's Cove, Wyoming, ardhi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, jua ni kali na hewa kavu hunyonya jasho kabla mtu hajalihisi, kwa hiyo anywe maji bila kungoja kiu. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, amekwisha kuchelewa. Usiku huwa baridi hata Julai: godoro la upepo litoe, utie sweta.

Neno la kuchelewa lanikumbusha misafara miwili ya mwisho ya 1856, wa James Willie na wa Edward Martin, iliyoondoka Iowa City mwezi wa Julai ilhali ilipasa kuondoka mapema zaidi, theluji ikaikuta Wyoming mwezi wa Oktoba, na watu wake zaidi ya 200 wakafa, ingawa Brigham Young, kiongozi wa Kanisa, alipopata habari alituma waokozi hima. Katika msafara wa Willie alikuwamo mtu aitwaye Levi Savage, ambaye njia ile alikuwa akiijua. Mwezi wa Agosti, walipofika Florence katika Nebraska, alisimama mkutanoni akawaonya kwamba wakiendelea wakati ule wazee na wadogo watakufa. Rai yake ilipokataliwa, alikwenda nao, akahangaika nao hata mwisho. Mimi kwa wazazi wote wa safu hii sijaona kiigizo bora kuliko huyu. Mama, sema onyo lako mara moja, kwa sauti ya kawaida, mezani. Kisha fuatana na mwanao vilimani, wala usilirudie.

*Shikamoo Mshauri. Nimeambiwa kwamba siku ya pili wavulana wataitwa kando, na sisi wasichana tutapandisha mikokoteni kilimani peke yetu, wao wamesimama pembeni, kofia mikononi, kimya. Kwa nini wasitusaidie? Na je, sketi ni lazima? — Binti wa West Valley*

Marahaba, mwanangu. Utaambiwa kwamba ni ukumbusho wa wale wanaume takriban 500 wa Batalioni ya Wamormoni, waliojiandikisha 1846 kwa ajili ya vita vya Marekani na Meksiko, wakawaacha wake zao njiani. Tatizo ni kwamba mkokoteni wa kwanza uliondoka 1856, na kwa miaka kumi hata mume mvivu wa kurudi nyumbani huwa amekwisha kurudi. Muulize kiongozi wako swali hilo kwa adabu, kisha umtazame anavyoshughulika na kofia yake. Kisa kilicho karibu zaidi na kweli ni cha wajane, na cha wanawake ambao waume zao waliugua au walikufa njiani, wakashika mti wa mkokoteni kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuushika. Ama wavulana, usiwahusudu: kwa kijana wa miaka 16 sijui mateso yaliyo makubwa kuliko kukatazwa kusaidia na kukatazwa kusema kwa wakati mmoja.

Sketi ni lazima, lakini urefu wake una hiari. Iishe vidole vinne juu ya kifundo, isije ikaingia chini ya gurudumu, na ndani yake uvae suruali nyepesi, mapaja yasichubuke.

*Mwana wangu Mshauri, mwaka 1996 nilitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa miguu, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, tukavuka ziwa hadi Kigoma, kisha tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Leo mjukuu wangu analipa pesa ili akateseke kwa mchezo. Nimecheka mpaka wakataka kuniitia daktari. Nimwambie nini? — Bibi wa Kearns*

Shikamoo Bibi. Cheka tu, una haki yote. Huko aendako mjukuu wako vyoo huletwa kwa lori, maji huwekwa njiani kwa matangi, na mkunga wa malengelenge hukaa chini ya turubai akingoja miguu. Hata hivyo mtoto hafanyi dhihaka. Wengi wao hupewa jina la mtu mmoja wa safari ile ya kale, walichukue shingoni au mfukoni muda wote wa mwendo, na yaelekea huyu wako atarudi akiujua mto Sweetwater na mahali watu walipouvuka wakiwa na barafu kiunoni, ilhali upana wa Ziwa Tanganyika usiku, na bei ya mtumbwi, na nani aliyebaki ng'ambo, hajapata kuambiwa na mtu. Mpe jina la pili alichukue pamoja na lile la kwanza. Usimpe usiku wa kuamkia safari, maana hatalala. Mpe mkiwa barabarani jioni, anapozoesha viatu, nawe uvae vyako. Na umsimulie pia yale yaliyowachekesha, kwa kuwa najua yalikuwako.

*Ndugu Mshauri, nimeteuliwa kuwa baba wa vijana kumi wasio wangu kwa muda wa safari hiyo, nami nina kitambi. Nifanyeje nisiaibike? — Baba wa Muda, Ogden*

Bwana, mlima wa kupanda usikutie tashwishi, kwani vijana kumi watauchukua. Mtu wa makamo huumizwa na mteremko, pale mkokoteni unapoanza kumsukuma yeye, na magoti yake ndiyo breki. Funga kamba mbili nyuma, uwashikishe vijana wawili wenye nguvu, nawe ujitundike hapo kati yao. Ndipo mahali pekee katika safari nzima ambapo kitambi ni mali.