Picha ya Wiki

Shindano la picha ya wiki lilitoa mada: maji. Vijana wa Newala wakakimbilia ukingoni mwa Shimo la Mungu kujipiga picha, bonde la Ruvuma likichungulia nyuma ya sikio. Madumu ya njano yaliyopanga foleni bombani hayakupata mpiga picha. Wiki iliyofuata mada ikawa kazi: Shimo la Mungu tena, miwani mipya.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita huku na kamera na wapagazi, akapiga picha za watu na shughuli zao. Sisi kamera iko mfukoni, lakini mama anayebangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, anaambiwa: “Mama, sogea kidogo, unatuharibia picha.”

Wiki ijayo mada ni jirani. Jamani, mpigeni yeye, na mumwombe ruhusa kwanza.